Sekela Aliyelima Msitu

Huku kwetu Ileje mwanamke hupimwa kwa shamba lake kabla hajapimwa kwa kitu kingine. Unaweza kuwa na mdomo mchafu, ukachelewa ibada kila Jumapili, ukaunguza maharage ya sherehe ya ubatizo, na watu wakakusamehe. Lakini ukiacha majani yaote katikati ya mahindi yako mpaka wapita njia wayaone, umekwisha. Utasemwa kisimani mpaka wajukuu wako wasikie. Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe nimesemwa sana.

Sekela hakuwahi kusemwa. Ni jirani yangu. Kati ya nyumba yake na yangu kuna kahawa zake na kijia cha kwenda kisimani, basi. Aliolewa hapa akitokea ng'ambo ya bonde, binti mrefu, mkimya, na msimu wake wa kwanza tu wa kulima, mama mkwe wake alizunguka kijiji akiita watu waje waone mistari ya mkwewe. Tulikwenda, tena kwa shingo upande. Hapakuwa na jani hata moja. Hata ukingoni mwa shamba, pale ambapo sisi wengine tunaziachia nyasi zijitunze zenyewe, Sekela alikuwa amepalilia kisha akafagia. Kwa ufagio. Nilimchukia mwaka mzima, halafu nikaona chuki ile inanichosha, nikaenda kumwazima jembe. Tangu hapo tumekuwa marafiki.

Mume wake, Luka, alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Baba yao alipofariki, kaka mtu, Amoni, alirithi ardhi ya chini, karibu na barabara, yenye udongo mweusi. Luka akapewa kilima kilicho juu ya nyumba zetu, chenye miti ya asili iliyosongamana, misuku mingi na mingine ambayo majina yake aliyajua yeye. Kijiji kizima kilisema Luka kadhulumiwa. Mwenyewe akacheka, akapanda kilimani akaanza kutundika mizinga ya nyuki. Hakukata mti wa kuuza wala hakuchoma mkaa, hata miaka ile ambapo malori ya mbao yalipanda na kushuka barabara ya Isongole mchana kutwa. Masuku, yale matunda ya misuku, yakiiva, watoto wa kijiji waliingia kuokota, naye aliwakataza jambo moja tu, wasitikise miti.

Sekela aliuza asali na masuku mnadani Isongole na fedha akazipokea bila kinyongo, lakini msituni hakupenda kuingia. Alisema ni kuchafu. Majani makavu kila mahali, matawi yameangukiana, huoni unapokanyaga. Akiulizwa Luka yuko wapi, alijibu kuwa yuko stoo kwake, akionyesha kilima kwa kidevu. Waliishi hivyo, yeye chini na ufagio wake, mume juu na stoo yake, na sijui ndoa nyingi hapa kijijini zilizokuwa na amani kama ile. Binti yao Goodness alikua, akaenda mjini Mpemba kufungua kibanda cha kutuma na kupokea fedha kwa simu, akawa anakuja Krismasi.

Moto ulitoka ng'ambo. Ilikuwa Oktoba, nyasi zimekauka, mtu mmoja akachoma mabaki ya shamba lake kama tunavyofanya sote, upepo ukamgeuka. Ulivuka bonde kabla hatujamaliza kuitana. Tulipanda kilimani kila mtu na tawi bichi mkononi, wanaume na mapanga wakifyeka mbele ya moto, na sote hatukusaidia kitu. Luka aliingia kutoa mizinga. Tulimwita, akaingia. Alishuka baadaye kwa miguu yake mwenyewe, uso mweusi tii, akakaa kwenye kizingiti cha jiko akaomba maji. Akanywa, akasema nyuki wamewahi kuondoka, wana akili kuliko sisi. Kisha akaanza kukohoa. Walimpeleka hospitali kwa pikipiki, akiwa ameshikwa kwa nyuma, na huko hakumaliza siku ya pili.

Sekela hakulia. Lazima niliseme hili mapema kwa sababu lilisemwa sana. Mwili uliposhushwa, alisimama mlangoni na kitenge begani, akawaelekeza watu mahali pa kuweka jeneza kama anavyoelekeza magunia ya mahindi. Makaburini Goodness alishikwa na watu watatu. Mama yake alisimama peke yake. Akina mama waliokaa na mimi kwenye mkeka walitazamana, na mmoja akasema taratibu kuwa huenda yule alikuwa na moyo wa jiwe tangu zamani, ila shamba safi lilimfunika. Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, na ilikuwa msibani.

Sasa, kwetu kuna desturi. Msiba ukiingia kwenye ukoo, majembe yanalala. Mbali na wachimba kaburi, hakuna mtu wa ukoo anayegusa udongo mpaka mkubwa wa familia asimame mbele ya watu atangaze kuwa msiba umekwisha. Hata mvua ikinyesha, hata magugu yakikufunika, jembe limelala. Mkubwa wa familia ile ni Amoni. Siku iliyofuata mazishi, watu wakiwa bado wamejaa uani, Sekela alionekana kwenye maharage yake nyuma ya nyumba, anapalilia. Amoni alikwenda mwenyewe. Hakumgombeza. Alimtoa jembe mkononi polepole, kama unavyomtoa mtoto kisu, na Sekela akasema, "Majani yameota, shemeji." Aliyasema hayo tu, akarudi ndani akakaa pale tulipomkalisha.

Msiba ukatangazwa kwisha, tukanywa uji, tukatawanyika, majembe yakaamka. Kwa Sekela hakuna kilichoanza wala kilichokwisha. Alilima, alipika, aliimba kwaya sauti ya pili bila kukosea. Alitia chumvi kwenye mboga, akasahau, akatia tena, akala hivyohivyo bila kukunja uso. Goodness alipiga simu kila jioni kumwomba ahamie Mpemba, na kila jioni mama akajibu kuwa ataangalia. Kuna siku tukichambua maharage nilimuuliza bila kuzunguka, maana mimi sijui kuzunguka, kama hamlilii Luka. Alifikiri kweli kabla ya kujibu.

"Mama Atupele, unajua mguu ukiukalia mpaka ukafa ganzi?" alisema. "Najua upo. Ila ukiugusa, sisikii."

Tukaendelea na maharage.

Kilima nacho kilikaa pale juu yetu, cheusi. Mvua zilipokuja majivu yalitiririka mpaka kwenye kahawa. Amoni alianza kusema jambo ambalo watu wengi walikuwa wanaliwaza: kilima kile kilimwe mahindi. Mtu asije akadhani Amoni ni mbaya. Ana nyumba imejaa watu, na ardhi yake nyeusi ya chini, iliyoonewa wivu na kila mtu, imechoka. Inakula mbolea haishibi. Yeye aliona ardhi ya baba yake imekaa na majivu bila kazi, na miti iliyoizuia imeungua. Aliwaambia wazee wa ukoo wakipe kilima mwaka mmoja kipumzike, kisha wakilime. Wazee wakamuuliza Sekela anataka nini. Akasema angependa uwe msitu tena. Wakamuuliza kwa nini. Akasema hajui.

Mbele ya kikao cha ukoo, jibu la namna hiyo halimshindishi mtu kesi. Lakini ndilo alilokuwa nalo, na mimi nilimwelewa. Zaidi ya ile stoo, Luka hakumwachia kitu kingine kilicho chake peke yake. Kaburi ni la sisi sote. Hata hivyo sikusimama kuwaeleza wazee, kwa sababu kikao cha ukoo si changu.

Wakati wa kuvuna mahindi ndipo ulipokuja mradi wa misitu. Mwenyekiti wa kijiji alituita ofisini kwake, na bwana misitu akasimama kuzungumza. Bwana misitu mwenyewe ni mwanamke, Violet, mwembamba, buti za mpira mguuni, na huku tunamwita bwana misitu vilevile kwa sababu hicho ndicho cheo chake. Alisema kuna msaada wa fedha kwa watu binafsi ambao misitu yao imeharibiwa na majanga, iwe moto, upepo au maporomoko ya udongo, ili waitunze mpaka irudi. Mwenye msitu angelipiwa vibarua wa kufyeka njia ya kuzuia moto kuzunguka eneo lote, angepewa miche ya kujazia mapengo, na angepata kitu cha kujikimu miaka ile ya mwanzo ambapo msitu hauzai. Kwanza, wakaguzi waje waone eneo.

Amoni alisikiliza mpaka mwisho, akainuka akasema maneno ya haki, na mimi nilikuwepo. Alisema mradi ukimkubali Sekela, kilima kitabaki msitu na kitabaki mkononi mwake, na yeye kama mkubwa wa familia atakuwa shahidi. Mradi ukimkataa, mvua zikianza tunalima. Watu wakapiga makofi. Sekela aliitikia kwa kichwa. Tangu siku ile hata watoto walijua kuwa kilima kinawasubiri wakaguzi.

Violet alipanda mara moja kukitazama, haraka, jua linazama na alikuwa na vijiji vingine. Alimwambia Sekela asiruhusu ng'ombe kuingia, asichome, na asikate miti michache iliyoungua ambayo bado imesimama. Hakumwambia asilime. Nimemlaumu sana kimoyomoyo, kisha nikajiuliza ni nani duniani angefikiria kumkataza mtu kupalilia msitu. Huko alikosomea hawakumwambia habari za Sekela.

Maana kilima wakati huo hakikuwa kitupu. Kwenye visiki vilivyoungua, na katikati ya majivu ambako hakukuwa hata na kisiki, kulikuwa kumechipua vichaka vya kufika magotini, majani yake machanga mekundu. Tuliviona. Lakini kwa macho yetu, kitu kinachoota mahali ambapo hukukipanda kina jina moja, gugu, na gugu lina dawa moja.

Habari zikaja kuwa wakaguzi wanafika Alhamisi. Alfajiri ya Jumanne Sekela alikuwa mlangoni kwangu, na kwa mara ya kwanza tangu Luka azikwe nilimwona anatembea kwa haraka. Alisema wageni wanakuja na kule juu hakutazamiki. Aliomba akina mama wa kwaya wamsaidie. Nani angekataa? Mgeni akija unafagia uwanja, unapaka udongo ukuta wa jiko, na kama mgeni anakuja kutazama shamba, unalipalilia shamba. Hilo halifundishwi. Tukachukua majembe tukapanda.

Tulilima siku mbili, tukianzia chini kwenda juu, tukiimba. Kilima kile ni kikali, mguu mmoja unakuwa juu na mwingine chini, lakini tulikwenda kama watu wa harusi. Sekela alikuwa mbele. Jembe lake lina namna yake, analiingiza kwa upande, na shina linakatika mara moja, mshazari, chini kabisa. Tulikusanya matawi yaliyoungua, tukang'oa, tukakata, tukarundika vichaka vyote ukingoni. Mizinga ya Luka iliyogeuka mkaa aliipanga mwenyewe kwenye mstari chini ya kisiki kikubwa kule kileleni. Jumatano jioni alishuka nyuma yetu akifagia. Tuliposimama barabarani kutazama, kilima chote kilikuwa safi, udongo mwekundu mtupu kuanzia juu mpaka chini, isipokuwa ile miti michache myeusi, na kila mmoja wetu aliona fahari. Sekela alisema, "Sasa waje." Ilikuwa karibu furaha.

Wakaja. Violet na wanaume wawili kutoka mjini, wamebeba kamba za kupimia na simu kubwakubwa. Sekela alikuwa amechinja kuku, viti vimetolewa nje. Walipofika chini ya kilima Violet alisimama. Mmoja wa wale wanaume aliuliza kwa adabu kama msitu wenyewe uko upande wa pili. Sekela akawaambia wakaribie, ndio huu, tumewasafishia. Violet akauliza vile vilivyokuwa vimechipua viko wapi.

Sekela alimpeleka kwenye rundo. Siku moja tu ya jua ilikuwa imetosha, majani mekundu yamesinyaa yamekuwa rangi ya chai. Violet alichuchumaa akatoa shina moja, akaligeuza, akatoa jingine. "Huu ni msuku, mama," alisema. "Huu nao ni msuku. Vichaka hivi ndivyo tulivyokuja kuvipima."

Akaeleza, na alieleza vizuri, sitamsema kwa hilo. Miti ile haikuwa imekufa. Mizizi yake ilikuwa hai chini, nayo ilikuwa inatoa watoto. Mradi unasaidia msitu ulioanza kurudi wenyewe. Hauwezi kuanza na udongo mtupu, maana udongo mtupu kwao ni shamba, na mashamba yana mradi mwingine. Wale wanaume walitembea juu na chini wakipiga picha kwa sababu walitumwa kupiga picha. Sekela alisikiliza mikono ikiwa imekunjwa mbele ya kitenge. Mimi nilikuwa natafuta mtu wa kumgombeza, simpati.

Tulidhani wataondoka, lakini kuku alikuwa tayari, na mtu wa heshima haondoki kuku akiwa tayari. Sekela aliwanawisha mikono mmoja mmoja. Akawapakulia mapaja. Walikula wameinamia sahani. Wakati wa kuaga Violet alimshika mkono.

"Niliwaandalia," Sekela alimwambia.

"Najua, mama. Nimeona."

Majibu yalifika kwa simu ya mwenyekiti baada ya wiki chache. Awamu hii haikuwezekana. Kama eneo likiachwa bila kuguswa na machipukizi yakaonekana tena, linaweza kutazamwa upya, lini hawakujua. Sekela alikuwa anaanika kahawa alipoambiwa. Alisema sawa, akaendelea kuzigeuza kwa kiganja. Nilimwambia apaze sauti, aende Itumba kwa wakubwa wa wilaya, alie, afanye kitu. Akaniambia amechoka, na hata huo uchovu anaujua tu, hausikii.

Amoni hakumcheka, na akina mama waliotaka kucheka aliwanyamazisha. Alingoja mvua ya kwanza, akaita ukoo. Neno lake lilikuwa lile lile alilolisema ofisini kwa mwenyekiti. Kilima kitalimwa mahindi, sehemu kubwa atalima yeye, na shemeji yake kama mjane atapewa kipande chake cha kulima mwenyewe, kule juu kwenye kisiki kikubwa. Sekela akakubali. Mimi nilisusa kuongea naye siku hiyo nzima kwa hasira, yeye hata hakutambua kuwa nimesusa, ikabidi niache.

Tukapanda. Mahindi ya kwanza kwenye majivu huota vizuri, hilo lazima nikiri. Kufika Januari kilima kilikuwa kijani, watu wanaopita barabarani kwenda Isongole wanageuza shingo, na Amoni akaanza kutembea kama kijana. Magugu nayo yakaja, kama yanavyokuja. Kupalilia huku tunasaidiana kwa zamu, leo kwangu kesho kwako, mwenye zamu anatoa togwa. Zamu ya Sekela ilipofika tulipanda kilimani tena, akina mama walewale wa kwaya, na majembe yaleyale. Amoni na watu wake walikuwa chini kidogo wanapalilia kwao.

Sekela alishika mstari wake akatuacha nyuma kama kawaida. Alikuwa karibu na kisiki, pale kwenye mizinga, aliposimama. Nilimwona ameinama, jembe liko juu, halishuki. Nikadhani kaona nyoka.

Ndipo akapiga ukelele. Sijawahi kusikia sauti ile ikitoka kwa mtu ninayemfahamu. Kila mmoja wetu aliwaza jambo moja, jembe limemkata mguu, kwa sababu mwaka ule ule mwanamke wa kijiji cha pili alijikata vile akapoteza vidole. Tulitupa majembe tukakimbia kwenye mahindi, mmoja anavua kitenge cha kufungia damu. Nilifika wa kwanza nikaishika miguu yake. Mizima yote miwili. Nikaipangusa udongo nikaitazama tena.

"Umejikata wapi?" nilimuuliza.

Hakuweza kujibu, alionyesha. Chini, kati ya mahindi mawili, kulikuwa na shina la msuku, nene kama kidole gumba. Lilikuwa limekatwa mshazari, chini kabisa, mkato mmoja. Sikuhitaji kuambiwa ni jembe la nani. Kandokando ya kovu lile, kila upande, lilikuwa limetoa majani mapya, mekundu, yameng'aa kwa umande.

"Niliukata," alisema alipopata pumzi. "Nimeukata na umerudi. Na Luka harudi."

Akakaa chini palepale akalia. Alilia ule mlio wa msibani, wa sauti, wa kumwita mtu kwa jina lake na majina ya baba zake, ambao tuliungoja zaidi ya mwaka tukamnung'unikia kwa kuukosa. Aliita mizinga. Aliita stoo. Alimuuliza Luka kwa nini aliingia wakati tulimwita. Sikuamua kulia, nilijikuta nalia. Na hakuna aliyetuambia kitu, lakini akina mama mmoja baada ya mwingine walirudi wakaokota majembe yao waliyoyatupa, wakayalaza pamoja ukingoni, mipini upande mmoja, wakaja kukaa kumzunguka, kama tulivyokaa kwenye mkeka ule Oktoba ile ya moto. Mmoja akaanza wimbo wa kuzika, taratibu. Sekela hakuweza kushika sauti ya pili, tukaimba bila hiyo.

Amoni alisikia kilio akapanda mbio, jembe begani, jasho linamtoka. Alituona tumekaa katikati ya mahindi. Aliuliza ni nani amefariki.

"Luka," nilimwambia.

Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyepotewa na akili. Akamtazama Sekela, akatazama majembe yaliyolala, na nikaona anaanza kuelewa. Januari magugu hayamsubiri mtu, na yeye analijua hilo kuliko sisi wote. Alijitahidi kusema kwa upole, akamwambia kuwa msiba ule walikwisha kuumaliza, yeye mwenyewe alisimama mbele za watu akatangaza.

"Mliumaliza ninyi," Sekela alisema.

Amoni aligeuka akatazama kilima, mahindi yake na magugu yake mpaka kule chini barabarani.

"Shemeji, sasa majembe yatalala mpaka lini?"

"Sijui, shemeji," alisema Sekela. "Msiba ndiyo kwanza umeanza."

Tuliacha kuimba. Amoni akalishusha jembe begani, akaenda kulilaza pamoja na ya kwetu, akavua kofia, akaja akakaa kwenye udongo.